Uliza Sayansi: Sauti ya bawa inapimwaje wakati feni ya handaki lenyewe inanguruma?

Toleo lililopita tuligusa kidogo habari za maabara zinazopuliza upepo kwa feni ndani ya handaki, kwenye vipande vya mabawa, ili kusikiliza vinavyolia, yaani mabawa ya ndege, panga za mitambo ya umeme wa upepo na vitu vya namna hiyo. Barua zimekuja nyingi na nyingine ni kali kweli kweli. Waliouliza kitu kilekile nimewaunganisha, majibu ni haya.

Sasa mhariri. Mimi nakaa karibu na vilima vya Ngong, ile mitambo ya upepo naiona nikiwa mlangoni. Usiku kukitulia unasikia fyuu… fyuu… fyuu. Mzee jirani yangu anasema ni gia zinalia huko juu, mimi nasema ni hewa. Nani ako sawa? – Msomaji, Ngong

Uko sawa wewe, ila mzee naye ana hoja yake, maana gia na jenereta kweli zina sauti, ule mvumo wa moja kwa moja usiopanda wala kushuka, na mitambo ya zamani ilisumbua sana kwa huo. Ya siku hizi imefunikwa vizuri kwa hiyo inayobaki masikioni ni hewa. Hiyo fyuu inazaliwa kwenye ukingo wa nyuma wa panga, ule mwembamba, tena sio panga zima, ni sehemu ya nje kuelekea nchani kwa sababu huko ndo kwenye kasi. Ncha ya panga la mtambo mkubwa inakwenda mita 70 mpaka 80 kwa sekunde, piga hesabu ni zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na wewe ukiangalia kwa mbali unaona linazunguka taratibu tu.

Na hili lilishapimwa. Mwaka 2007 mtafiti Stefan Oerlemans na wenzake walichapisha vipimo vya mtambo wenye rota, yaani duara la panga zinazozunguka, ya kipenyo cha mita 58, walitandaza maikrofoni 148 ardhini mbele yake, kompyuta ikachora picha ya sauti inatokea wapi. Karibu yote iliyofika chini ilitoka sehemu ya nje ya panga, na ilitoka panga likiwa linashuka. Likipanda husikii kitu sana. Ukingo wa nyuma hautoi sauti sawasawa pande zote, unaitupa zaidi kule panga linakoelekea, kwa hiyo likishuka linakurushia wewe uliye chini, likipanda linarushia mawingu, basi unapata fyuu, kimya, fyuu, kimya.

Sasa mtu atauliza kwa nini wasipime tu huko huko nje. Wanapima, kuna utaratibu wa kimataifa kabisa, maikrofoni inalazwa juu ya ubao bapa ardhini, umbali kutoka kwenye mnara uwe sawa na urefu wa mnara mpaka kitovu ukijumlisha nusu ya kipenyo cha rota. Ila kipimo hicho kinakuambia mtambo mzima unalia kiasi gani siku ile na upepo ule. Ukitaka kujua ukichonga ukingo hivi au vile itakuwaje, upepo wa mlimani haukusubiri, dakika mbili nyingi ushabadilika. Ndo watu wanaingia kwenye handaki, huko upepo unauamuru wewe.

Shikamoo mhariri. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, Dar. Tumejenga handaki dogo la upepo la plaiwudi, mdomo sentimita 30 kwa 30, hewa inatoka wazi kama mita 20 kwa sekunde. Bawa letu ni la umbo la kawaida linaloitwa NACA 0012, upana wa sentimita 10 kutoka mbele kwenda nyuma. Tunarekodi kwa simu. Tatizo bawa likiwepo au lisiwepo grafu ni ileile! Tumebandika trei za mayai ukuta mzima lakini wapi. Tufanyeje? – Wanafunzi wenye nia, Dar es Salaam

Marahaba wanangu. Barua hii nimeipenda kuliko zote kwa sababu shida yenu ndo shida ya fani nzima. Sauti mnayoitafuta ni ndogo kuliko makelele ya feni inayopuliza huo upepo, na hilo halikuwasumbua ninyi tu, NASA pia walihangaika nalo.

Bawa lenu hilo hilo, NACA 0012, ndo lilitumiwa na Thomas Brooks, Stuart Pope na Michael Marcolini pale Langley, Virginia, na ripoti yao ya mwaka 1989 mpaka leo ndo inafunguliwa kwanza na kila mtu anayeingia kwenye kazi hii. Mdomo wa handaki lao haukuwa mkubwa kama mnavyofikiria, ni kama sentimita 30 kwa 46. Mabawa yalikuwa ya saizi tofauti, dogo kabisa sentimita 2.54 na kubwa sentimita 61, na kasi ilifika mita 71.3 kwa sekunde. Kwa hiyo msijidharau, tofauti yenu na wao kubwa haiko kwenye mdomo, iko kwenye kilicho nyuma ya mdomo na kilichozunguka chumba.

Tuanze na feni. Feni yenu nadhani imefungwa nyuma tu ya mdomo, inaitazama bawa moja kwa moja. Hapo hata mngekuwa na maikrofoni ya milioni kumi mngerekodi feni. Feni inatakiwa iwe mbali, ikiwezekana chumba kingine, hewa ipite kwenye njia ndefu yenye kona, kuta za ndani zimevikwa sponji, ndipo ifike kwenye boksi kubwa la kutuliza, ipite vichujio vya wavu, halafu ndo ibanwe itoke mdomoni. Kona ni muhimu kwelikweli maana sauti inayokwenda moja kwa moja haigusi sponji, ikilazimishwa kukata kona inagongana nayo.

Trei za mayai bandueni. Najua kila studio ya mtaani imezibandika na watu wameshaaminishana, lakini karatasi ile ni nyembamba mno, haili sauti, inaitawanya kidogo tu ya juu juu. Kanuni ya kukumbuka ni robo ya wimbi. Sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, wimbi lake lina sentimita 34, robo yake ni kama 8 na nusu, kwa hiyo sponji ya sentimita 10 inafanya kazi kuanzia hapo kwenda juu. Ya hezi 200 wimbi lake ni mita 1.7, robo ni sentimita 43, ndo maana vyumba vya maabara kubwa ukutani kuna zile pembe ndefu kama meno ya papa. Ninyi hezi 200 achaneni nayo kwa sasa, shikeni kuanzia 1000. Sponji ya godoro inafaa lakini sio kila godoro: weka kipande mdomoni upulize, hewa ikipita ndo hiyo, ikigoma hiyo imezibwa vitundu vyake na haitakusaidia kitu.

Simu. Simu imetengenezwa kusikia mtu anaongea, kwa hiyo ndani kuna programu inayopandisha na kushusha sauti yenyewe na nyingine inayofuta makelele, na hewa ya bawa kwa simu ni makelele, inafutwa! Tafuteni maikrofoni mbili za kawaida zinazofanana na kadi ya sauti ya njia mbili, zimeni kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Maikrofoni zikae nje ya mkondo wa upepo, msiziingize ndani, maana upepo ukigonga maikrofoni inajilizia yenyewe na mtadhani ni bawa.

Kwa nini mbili? Hapa ndo pazuri. Jamaa wa Langley waliweka maikrofoni upande wa juu wa bawa na nyingine upande wa chini. Sauti inayozaliwa kwenye ukingo wa nyuma inafika kwa zote mbili kwa wakati mmoja lakini kinyumenyume, upande mmoja hewa ikisukumwa upande wa pili inavutwa. Makelele yanayotoka mdomoni mwa handaki yenyewe yanafika kwa zote mbili yakiwa yanafanana. Kwa hiyo mkiweka maikrofoni mbili umbali sawasawa juu na chini ya ukingo, halafu kwenye laptopu mkatoa moja kwa nyingine, ya mdomoni inapungua na ya bawa inaongezeka. Mkichora grafu ya jinsi zinavyofanana, yaani korilesheni, ya bawa itaonekana inachimba chini badala ya kupanda juu. Mkiliona hilo shimo, jueni mmelisikia bawa.

Kabla ya hapo lakini, pimeni ukimya. Namaanisha handaki linawaka, upepo uleule, kila kitu kipo ila bawa limetolewa, rekodi nusu dakika au zaidi. Halafu rudisheni bawa mrekodi tena. Desibeli hazitoani kama shilingi: bila bawa ni 60, na bawa ni 63, hapo bawa peke yake sio 3, ni 60, limelingana na makelele. Mkipata 70 juu ya 60 basi bawa ni 69.5, karibu makelele hayahesabiki, hiyo ndo hali mnayoitaka. Mkipata 61 juu ya 60 tupeni hiyo namba, hesabu itawapa jibu kama 54 lakini kosa dogo tu la kipimo linaliharibu lote. Na fanyeni hivyo kwa kila frikwensi peke yake, sio jumla, maana huenda chini feni imemeza kila kitu lakini kwenye hezi 2000 bawa liko juu wazi kabisa.

Jaribio la kwanza ninalowashauri ni hili. Bawa la sentimita 10 kwenye mita 20 kwa sekunde ni dogo na ni la polepole, utando wa hewa unaoteleza juu yake haujavurugika bado, na hali hiyo kwa kawaida inatoa mluzi, mluzi hasa wa kusikika kwa sikio, hasa mkiliinamisha digrii chache. Mluzi hauwezi kujificha nyuma ya feni kirahisi. Mkishaupata, kateni ukanda mwembamba wa msasa, mbandike juu na chini ya bawa karibu na ukingo wa mbele, kama sehemu ya kumi ya upana hivi. Msasa unaivuruga hewa mapema na mluzi unakufa. Ukifa mna ushahidi ulitoka kwenye bawa na sio kwenye mbao za handaki.

Baada ya hapo ndo mnaweza kugusa swali la kasi. Mwaka 1970 watafiti Ffowcs Williams na Hall walionyesha kwamba nguvu ya sauti ya ukingo inapanda kwa kasi kuzidishwa yenyewe mara tano, kwa hiyo ukiongeza upepo mara mbili unapata desibeli 15 zaidi. Watu wengi wakiona 15 wanashangilia. Msiwahi kushangilia, kwa sababu feni nayo inapanda karibu hivyo hivyo, ndo maana nikasema ukimya upimwe kwa kila kasi.

Jingine ambalo vitabu vya mwanzo hawaliandiki: kwa handaki lenye mdomo wazi kama lenu bawa linaupinda mkondo wote, kwa hiyo pembe mnayoiona kwa macho sio pembe bawa linayoihisi. Kwa hesabu ya hao hao wa Langley, bawa lenu la sentimita 10 kwenye mdomo wa 30 mkiliweka digrii 10 linahisi 6 na kidogo tu. Kama lingekuwa la sentimita 30 lingehisi chini ya 3. Andikeni zote mbili kwenye ripoti.

Na wakati mnatafuta sponji, vipimo vya Langley viko bure kwenye hazina ya data ya UCI, yaani Chuo Kikuu cha California, Irvine, mistari 1503, frikwensi kuanzia hezi 200 mpaka 20,000. Chukueni sehemu ya bawa la sentimita 10 mlinganishe umbo la grafu na la kwenu. Niandikieni mkipata shimo.

Mhariri, hiyo picha ya sauti inapatikanaje? Maikrofoni haina jicho. – Morogoro

Inapatikana kwa kuchelewa. Sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ikitoka nchani mwa panga haifiki kwa maikrofoni zote kwa wakati mmoja. Kompyuta inachagua nukta moja, inauliza "kama sauti ingetoka hapa, kila maikrofoni ingechelewa kiasi gani?", inazirudisha zote nyuma kwa kiasi hicho halafu inazijumlisha. Kama kweli chanzo kiko hapo zinaongezeana, kama hakipo zinafutana. Inahamia nukta ya pili, ya tatu, maelfu. Wenyewe wanaita bimufomingi.

Ubaya wake ni kwamba sauti nzito inatoka na picha yenye ukungu. Ukiwa na duara la maikrofoni lenye kipenyo cha mita moja, na bawa liko mita moja mbele, kwenye hezi 1000 doa la sauti kwenye picha lina upana wa kama sentimita 40, huwezi kusema ni ukingo wa mbele au wa nyuma. Kwenye hezi 5000 linakuwa kama sentimita 8, hapo unaanza kuona vizuri. Zipo njia za kusafisha ukungu huo kwa hesabu, mojawapo ni DAMAS ya Brooks na Humphreys, ndiyo, Brooks yuleyule wa 1989.

Mhariri salaam. Nimesikia kuna handaki ukuta wake ni kitambaa cha Kevlar, kile cha fulana za kuzuia risasi. Je, upepo hautoki nje? – Mombasa

Wa alaykum salaam. Lipo, liko Virginia Tech kule Blacksburg, Marekani, na historia yake nzuri: lilijengwa na NACA, shirika lililoitangulia NASA, pale pale Langley mwaka 1940, miaka ya 1950 likahamishiwa chuoni. Chumba cha majaribio kina mita 1.83 kwa 1.83. Handaki la mdomo wazi lina shida niliyowaeleza wanafunzi ya mkondo kupinda, na handaki la kuta ngumu lina shida ya mwangwi, sauti inagonga inarudi inagonga tena. Wakatoa kuta ngumu pembeni wakavuta kitambaa chembamba cha Kevlar kikakaza kabisa. Kwa upepo ule ni ukuta, kwa sauti ni dirisha. Nyuma yake kila upande kuna chumba kisicho na mwangwi, humo ndo maikrofoni zinakaa, hazipigwi na upepo hata kidogo.

Hakuna cha bure lakini. Kitambaa kinakula sauti kidogo na kinakula zaidi kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo lazima kipimwe kwanza kwa spika yenye sauti inayojulikana ndo ujue cha kurudishia. Na bawa likiwa na pembe kubwa kitambaa kinatuna upande mmoja, nalo linahesabiwa. Hata hivyo njia imekubalika, Denmark wamejenga lao pale Risø lililofunguliwa 2018, wakalipa jina la Poul la Cour, baba wa umeme wa upepo kwao, na hilo ni kwa ajili ya panga za mitambo hasa.

Kwa nini nyaya za umeme zinapiga mluzi kukiwa na upepo? – Singida

Hewa ikipita waya inajizungusha nyuma yake, kizingo kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu. Zidisha kasi ya upepo kwa 0.2 gawanya kwa unene wa waya kwa mita, unapata hezi za mluzi. Waya wa milimita 5, upepo mita 10 kwa sekunde, ni hezi 400. Mwanafizikia Strouhal aliligundua hili mwaka 1878. Ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa butu unafanya jambo la ukoo huohuo, kwa hiyo watengenezaji wa panga wanahangaika kuunyoa uwe mwembamba.

Kaka mhariri habari ya kazi. Narusha droni kupiga picha za harusi huku Mwanza, wazee wanalalamika makelele. Nimeona mtandaoni propela zimekatwa meno kama manyoya ya bundi. Nikichonga zangu kwa kisu nitapata? – Mpiga picha, Mwanza

Nzuri kaka, pole na wazee. Tafadhali usichonge kwa kisu. Propela iliyokatwa meno, mkono wake mmoja ukizidi mwingine, inatetemeka, na ikipasuka juu ya watu wa harusi tutakuwa na habari nyingine.

Habari ya bundi ni ya kweli. Mtafiti Graham aliandika mwaka 1934 kwamba bundi ana vitu vitatu ambavyo ndege wengine hawana: kitana mbele ya bawa, matamvua kwenye ukingo wa nyuma, na ule uso laini kama mahameli. Watafiti wa Cottbus, Ujerumani, walichukua mabawa halisi ya bundi yaliyokaushwa na ya ndege wengine wakayaweka kwenye handaki la mdomo wazi, na la bundi kweli likatulia zaidi. Najua kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali, lakini kwa kazi hii ndege huyu anastahili heshima.

Meno ya nyuma yana hesabu yake, mtafiti Howe aliiandika mwaka 1991, na yameshajaribiwa kwenye mtambo halisi wa megawati 2.3: panga lenye meno lilipunguza kwa wastani desibeli 3.2, yaani nguvu ya sauti imepungua nusu na zaidi. Ila angalia, yalipunguza mvumo wa chini na yakaongeza kidogo wa juu. Na meno yakikaa vibaya kidogo kwa mkondo wa hewa faida inaliwa.

Kwako wewe tatizo ni lingine. Kinachowaudhi wazee zaidi ni ule mlio wa propela yenyewe kukata hewa. Propela ya mikono miwili ikizunguka mara 6000 kwa dakika inakata mara 200 kwa sekunde, hiyo ni hezi 200 na ndugu zake 400, 600. Meno hayagusi mlio huo. Kinachougusa ni kasi ya ncha: propela ya sentimita 25 kwa mzunguko huo ncha inakwenda karibu mita 79 kwa sekunde, sawa na ule mtambo mkubwa wa juu. Kama fremu na mota za droni yako zinaruhusu, weka propela kubwa zaidi zinazozunguka polepole kwa uzito uleule, utasikia tofauti siku hiyohiyo. Na pitisha kidole ukingoni mwa zile ulizonazo, mota zikiwa zimezimwa na betri imetolewa, yenye pengo hata dogo itoe.